Haidrojeni Haitoki: Pa Kuanzia Kabla ya Kuilaumu Nikeli

Taa imewaka tangu asubuhi. Tope la manjano hafifu linazunguka ndani ya chupa, naitrojeni imepulizwa, nikeli umeiweka kwa mkono wako mwenyewe. Unatoboa kizibo kwa sirinji, unavuta gesi kidogo, unaiingiza kwenye kromatografu, mashine ya kutenganisha na kupima gesi, na kusubiri. Pale ambapo kilima cha haidrojeni kilipaswa kuinuka, mstari umelala kama ziwa alfajiri.

Wengi wakifika hapo hubadili nikeli. Leo haidroksidi, kesho salfaidi, wiki ijayo fosfaidi. Nimeona wanafunzi wakimaliza muhula mzima kwa namna hiyo, na inaniuma kwa sababu mara nyingi kosa halikuwa kwenye nikeli hata kidogo. Lilikuwa kwenye kizibo, kwenye mizani, kwenye taa, au kwenye hesabu iliyofanywa kana kwamba Mwanza yetu, hapa kando ya Ziwa Viktoria, iko usawa wa bahari. Kwa hiyo naandika mwongozo huu wa kutoa haidrojeni kwenye maji kwa mwanga, kaboni nitridi na nikeli, kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe: kwanza chombo cha kupimia, kisha hewa, mwanga na maji, halafu tabaka za kaboni nitridi, na nikeli mwisho. Na ukifika kwenye nikeli, usijiulize uliweka nikeli gani jana. Jiulize ni nikeli gani iliyomo kwenye chupa sasa hivi, mwanga ukiwa unawaka.

Kwa anayeanza, maneno machache. Kaboni nitridi, ile g-C3N4, ni unga wa manjano unaopatikana kwa kuchoma melamini au urea kwenye bakuli la kauri lenye kifuniko, karibu nyuzi 550 za Selsiasi. Pengo lake la nishati ni kama elektroni-volti 2.7, kwa hiyo humeza mwanga wenye urefu wa wimbi unaoishia karibu nanomita 460, yaani zambarau na sehemu ya bluu. Mwaka 2009 kundi la Xinchen Wang na Markus Antonietti lilionyesha kwamba unga huu usio na metali unaweza kutoa haidrojeni kwenye maji kwa mwanga unaoonekana, wakiusaidia kwa platini. Nikeli inatafutwa leo kwa sababu platini ni ghali mno kwa kazi ya kila siku.

Kazi ya nikeli naielezaga hivi kwa wanafunzi wanaovuka ziwa kwenda Sengerema. Elektroni iliyorushwa na mwanga ni abiria aliyefika ufukweni. Pasipo gati hakai kusubiri, anageuka na kurudi alikotoka, na safari imekufa. Nikeli ndiyo gati: inamshika abiria na kumpandisha kwenye kivuko, yaani kwenye ayoni ya haidrojeni. Nasi tunachambua unga mzito kuwa tabaka nyembamba, nanoshiti, ili abiria asitembee mbali kabla ya kufika ufukweni. Upande wa pili lazima awepo wa kuziba tundu lililoachwa na elektroni. Kwa kawaida ni trietanolamini, ujazo wa asilimia 10 ndani ya maji.

Hakuna haidrojeni kabisa

Usiguse kichocheo, yaani tabaka na nikeli yake. Tengeneza haidrojeni unayoijua kiasi chake, uone kama mashine yako inaiona.

Njia yangu ni zinki na asidi. Pima miligramu 5 za zinki safi, weka kwenye chupa ile ile ya majaribio, ziba, puliza naitrojeni, kisha ingiza kwa sindano asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kupitia kizibo, uache hadi zinki iishe yote. Zinki hiyo inatoa maikromoli 76 za haidrojeni, si zaidi. Kama nafasi tupu ya juu ya maji ni mililita 120, gesi ndani yake itakuwa na haidrojeni asilimia 1.8 hivi. Vuta sirinji, ingiza kwenye mashine. Ukipata kilima kizuri, mashine ni nzima na sasa unajua hata urefu wa kilima unamaanisha nini. Usipokipata, ulikuwa unauliza swali kwa kiziwi.

Mashine ikiwa haioni, kuna mawili ninayoyakuta mara kwa mara. La kwanza ni gesi ya kubebea, ile inayosukuma sampuli ndani ya mashine. Kigunduzi cha upitishaji joto hutofautisha gesi kwa jinsi zinavyopitisha joto, na heliamu na haidrojeni zimekaribiana sana kwa tabia hiyo. Ukibeba kwa heliamu, haidrojeni kidogo inajificha, wakati mwingine kilima kinageuka chini. Beba kwa agoni, au naitrojeni kama agoni haipatikani. La pili ni kulowa kwa safu, yaani bomba jembamba linalotenganisha gesi ndani ya mashine. Chujio la molekuli ndani ya safu linapenda maji kuliko kitu chochote, nasi tunalilisha mvuke wa maji na trietanolamini kila siku. Dalili yake utaiona kabla haidrojeni haijapotea: vilima vya oksijeni na naitrojeni vinaanza kutoka mapema kuliko zamani, vinasogeleana, mwisho vinaungana. Oka safu usiku kucha kwa joto ambalo mtengenezaji wake ameliruhusu, gesi ya kubebea ikiwa inapita, na uweke kikaushio kidogo mbele yake.

Mashine ikiwa nzima, tazama hewa. Vilima hivyo hivyo vya oksijeni na naitrojeni ndivyo mashahidi. Kama umepuliza agoni na bado unaona oksijeni na naitrojeni kwa uwiano wa karibu 1 kwa 4, hiyo ni hewa ya chumbani imeingia. Oksijeni ni mwizi: inachukua elektroni upesi kuliko ayoni ya haidrojeni, na abiria wako wote wanaondoka na chombo kingine. Kizibo cha mpira kilichotobolewa mara 15 au 20 kinavuja hata kama kwa macho kinaonekana kizima. Badilisha kizibo kila jaribio, ni bei ndogo mno ukilinganisha na siku nzima iliyopotea. Puliza gesi dakika 30 sindano ikiwa imezama ndani ya maji, si juu yake. Kupuliza juu kunafukuza hewa ya juu tu. Oksijeni iliyoyeyuka inabaki.

Taa inang'aa lakini chupa imelala

Kijana mmoja alikuja na malalamiko haya, akaapa kwamba mwanga wake ni mkali kuliko wa kwetu. Na kweli ulikuwa mkali. Alikuwa amenunua taa za LED zile zinazotumiwa na wavuvi wa dagaa, zinazowekwa juu ya maelea usiku hadi ukitazama kutoka mlimani unadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Nilimwomba aziwashe tuzitazame pamoja. Nilichukua diski ya zamani ya muziki, upande wake unaometa, nikaiinamisha chini ya taa hadi rangi zikafunguka. Njano ilikuwa pana, nyekundu ipo, kijani ipo, na bluu ilikuwa ukanda mwembamba pembeni. Zambarau haikuwepo.

Hapo ndipo shida ilipo. LED nyeupe ni LED ya bluu ya karibu nanomita 450 iliyofunikwa kwa fosfa ya njano. Ile ya mwanga wa joto, yaani weupe wenye unjano, imekula sehemu kubwa ya bluu yake kutengeneza njano. Kwa jicho la binadamu, na kwa dagaa, ni mwanga mwingi. Kwa kaboni nitridi, inayoanza kuchoka kumeza kuanzia nanomita 450 hivi, ni giza lenye kelele. Na tukumbuke kuwa kuchambua tabaka kunapanua pengo la nishati kidogo, hivyo nanoshiti nzuri humeza mwanga wa bluu kwa uchache zaidi kuliko unga mzito. Tulibadilisha tukaweka LED ya nanomita 405 na haidrojeni ikaanza kutoka siku hiyo hiyo, kichocheo kile kile, nikeli ile ile.

Kama unatumia taa ya zenoni, angalia umri wake na umbali wake kutoka kwenye chupa. Weka alama mezani kwa wino usiofutika. Sentimita mbili tatu zinatosha kuharibu ulinganisho wa wiki nzima. Taa pia hupasha moto. Zungusha maji ya bomba nje ya chupa ili joto libaki palepale.

Jua la kwetu ni zuri, tupo kama nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, ila kwa kulinganisha kichocheo A na B halifai peke yake: wingu moja kutoka ziwani linapita juu ya A na halipiti juu ya B. Ukitaka jua, weka chupa zote mbili nje pamoja, bega kwa bega, saa zile zile.

Maji

Ya bomba usitumie. Hata yakiwa safi ya kunywa, yana klorini na chumvi zake. Ya ziwa ndiyo kabisa: mwani, matope laini na mabaki ya mimea vinameza mwanga na vinang'ang'ania juu ya tabaka. Kujaribu maji ya ziwa ni kazi nzuri ya kisayansi, ifanye baada ya maji yaliyokenekwa kukupa matokeo yanayojirudia.

Kuna hatari moja ya mjini inayotokana na lugha. Ukienda kwa fundi wa magari ukaomba maji ya betri, unaweza kupewa maji yaliyokenekwa ya kuongezea, na unaweza kupewa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Vyote vinaitwa hivyo hivyo, na chupa mara nyingi haina karatasi. Niliwahi kuoshea haidroksidi ya nikeli kwa chupa ya namna hiyo. Rangi ya kijani hafifu iliondoka juu ya unga mbele ya macho yangu, yakabaki maji ya kijani na unga wa manjano usio na kitu. Tangu hapo kila chupa ya maji inayoingia kwenye chumba chetu inapimwa kwanza kwa karatasi ya pH.

Kwenye mchanganyiko wenyewe, trietanolamini ya asilimia 10 inakupa pH ya karibu 10 na nusu bila kuongeza kitu. Iache hapo kama unatumia haidroksidi ya nikeli. Ukiishusha kwa asidi kufika 6 au 5, mambo mawili yanaharibika kwa pamoja: nikeli inayeyuka, na trietanolamini yenyewe inashika protoni na kuacha kutoa elektroni zake. Chupa ya trietanolamini iliyogeuka rangi ya chai imezeeka, weka kando.

Haidrojeni inatoka hata bila nikeli

Hii ni dalili ninayoiogopa kuliko chupa iliyolala, kwa sababu inafurahisha. Unaweka tabaka tupu kwa ajili ya ulinganisho, zinatoa haidrojeni nyingi, ukiweka nikeli zinatoa zaidi kidogo, na unaanza kuandika.

Tabaka tupu za kaboni nitridi zinapaswa kutoa kidogo sana, karibu na sifuri. Zikitoa nyingi, tafuta platini. Haihitaji kuwa nyingi, na haikai kwenye glasi tu. Inakaa kwenye sumaku ya kukorogea. Ile ngozi nyeupe ya tefloni ikishakwaruzwa, chembe za metali zinajificha ndani ya mikwaruzo na zinatoka kidogo kidogo kila unapokoroga. Chukua sumaku yako sasa, itazame mchana dirishani. Ukiona mistari ya kijivu au madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni, hiyo ilishafanya kazi na metali ya mtu mwingine. Sisi tulipata dawa kwa kuwa na sumaku mpya za majaribio ya nikeli peke yake, zenye chombo chake chenye jina, na chupa zake. Kuosha kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na nitriki, 3 kwa 1, kunaondoa platini, lakini huo ni mchanganyiko wa hatari unaotoa gesi ya klorini: ndani ya kabati la kuvuta hewa tu, na anayeufahamu awepo.

Fanya majaribio matatu matupu kila mwezi. Kichocheo chenye nikeli gizani. Maji na trietanolamini chini ya mwanga bila kichocheo. Tabaka tupu chini ya mwanga. Yote matatu yakikaa karibu na sifuri, namba zako za nikeli zina haki ya kuaminiwa.

Inachelewa kuanza

Dakika 30 za kwanza kimya, halafu inapanda, halafu inakuwa mstari ulionyooka. Watu wanahangaika na hili, wengine wanaitupa ile sehemu ya mwanzo. Isomeni, ina habari.

Nikeli uliyoiweka kama haidroksidi au chumvi ni ayoni yenye chaji chanya 2. Elektroni za kwanza zinazofika hazitengenezi haidrojeni. Sehemu yake inaipunguza nikeli yenyewe kuwa metali, vijichembe vidogo mno juu ya tabaka. Tazama rangi: tope la manjano linaingia ukijivu. Fungua chupa, liache likutane na hewa, na baada ya muda ukijivu unafifia. Hapo umeona kwa macho nikeli ikibadili hali, kitu ambacho vifaa vya gharama kubwa vikipima unga mkavu siku tatu baadaye havitakuonyesha, kwa kuwa hewa imeshairudisha ilikotoka.

Na unaweza kulihesabu. Tuseme una miligramu 50 za kichocheo chenye nikeli asilimia 1. Hiyo ni miligramu 0.5 za nikeli, maikromoli 8.5. Kila atomu inataka elektroni 2, sawa na zinazohitajika kutengeneza molekuli moja ya haidrojeni. Kwa hiyo nikeli yote ikipunguzwa, imekula haidrojeni ya maikromoli 8.5. Kama chupa yako ikishatulia inatoa maikromoli 13 kwa saa, mkopo huo unalipwa kwa dakika kama 40. Ukichelewa dakika 40, ndivyo inavyotakiwa. Ukichelewa saa mbili, kuna kitu kingine kinakula elektroni, na wa kwanza kumshuku ni oksijeni.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa heshima ya kazi yako: haidrojeni yote uliyokusanya ikiwa chini ya moli za nikeli uliyoweka, bado huna haki ya kuiita nikeli kichocheo.

Namba zinaruka, leo 250 kesho 400

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wenzetu wanapokata tamaa.

Kwanza shinikizo la hewa. Uso wa Ziwa Viktoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza inasukuma kwa kilopaskali 88 hivi, si 101 za kwenye vitabu. Vitabu vinasema mililita moja ya gesi kwa nyuzi 25 ina maikromoli 40.9. Hapa kwetu ina 35.7. Chukua chupa yenye nafasi ya mililita 120 na haidrojeni asilimia 0.30: ni mililita 0.36. Kwa namba ya kitabu unapata maikromoli 14.7, kwa namba ya Mwanza 12.9. Ukigawanya kwa miligramu 50 na saa moja, ni 294 dhidi ya 257 kwa gramu kwa saa. Asilimia 14 umejiongezea bila kufanya kazi. Mwenzako wa Dar es Salaam akirudia jaribio lako hatazipata, na atadhani ulidanganya. Pima shinikizo siku ya jaribio, liandike kwenye daftari pamoja na joto la chumba.

Pili, mizani na chumvi. Kloridi ya nikeli tunayonunua ina maji 6 ndani yake. Robo tu ya uzito wake ni nikeli. Anayepima miligramu 1 ya chumvi akidhani ameweka nikeli asilimia 1 kwenye miligramu 100 ameweka robo ya asilimia. Nitrati ya nikeli ni mbaya zaidi kwa hewa ya ufukweni: inavuta unyevu hadi fuwele zinakuwa uji chini ya chupa, na hapo uzito haukuambii tena kitu. Na miligramu 4 kwenye mizani ya kawaida ni kubahatisha. Tengeneza akiba: miligramu 405 za kloridi ya nikeli yenye maji 6, yeyusha, jaza hadi mililita 100. Kila mililita sasa ina miligramu 1 ya nikeli. Kuanzia hapo unapima kwa pipeti, na namba zinatulia.

Tatu, sirinji. Kila unapovuta gesi unapunguza iliyomo, na sampuli 5 za mililita 1 si kitu cha kupuuza kwenye chupa ndogo. Vuta nusu mililita, urudishe kwenye hesabu ulichotoa.

Tabaka zenyewe

Unga mweupe badala ya manjano hafifu: moto haukutosha. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, melamini inasimama njiani kwenye hali ya melemi na hairudi barabarani vizuri ukiuwasha moto tena. Anza upya. Tanuru zetu pia husema uongo. Weka kipimajoto cha pili karibu na bakuli kabisa.

Kahawia: uchafu, au joto lilipita. Usitumie urea ya duka la pembejeo, imetiwa vitu vya kuizuia isigande. Bakuli tupu: ulisahau kifuniko au ulipita nyuzi 600, kila kitu kimepanda hewani.

Kuchambua kwa joto, nyuzi 500 hadi 550 kwenye hewa, ni kazi ya kupoteza. Unaweka gramu 1, unatoa robo au chini ya hapo, umevimba na kuwa mwepesi kama majivu ya mkaa. Ukitoa karibu yote uliyoweka, hukuchambua. Jaribio la haraka: changanya kidogo na maji kwenye glasi, uache mezani. Tabaka nyembamba hukaa kama maziwa yaliyozimuliwa kwa saa nyingi, na ukipitisha kurunzi ya leza unaona mstari wa mwanga ukivuka. Zile nene zinashuka chini kabla hujamaliza kuosha vyombo. Na ukishapata nzuri usizikaushe kwa joto kali, zinashikana tena kama chapati zilizopangwa moto. Mimi nazitunza zikiwa mbichi, nimejua uzito wake kwa kukausha sampuli ndogo pembeni.

Sasa nikeli

Kama umefika hapa na bado hakuna kitu, basi ndiyo zamu yake.

Anza na haidroksidi. Haihitaji tanuru la naitrojeni: tabaka ndani ya maji, mililita za akiba yako, halafu sodiamu haidroksidi tone kwa tone ukikoroga hadi pH 9 au 10. Haraka hapa ni adui. Ukimwaga kwa mkupuo, haidroksidi inajitengenezea mabonge yake pembeni ya tabaka, gati linajengwa mbali na ufukwe. Utayaona mabonge ya kijani baada ya kutuliza, yametengana na unga.

Fosfaidi ya nikeli inasifiwa, na ina haki ya kusifiwa, lakini njia ya kupasha moto sodiamu haipofosfaiti kwenye nyuzi 300 inatoa fosfini, gesi inayoua. Bila kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi kweli na mtego wa gesi mwishoni, usiifanye. Salfaidi nayo: ukisikia harufu ya mayai mabovu kwenye chupa, una salfaidi ya ziada na asidi vimekutana. Osha vizuri zaidi, ongeza pH.

Kiasi usikikisie. Fanya 0.25, 0.5, 1, 2 na 4 kwa asilimia ya uzito. Namba zitapanda kisha zitashuka, na kilele mara nyingi kiko kati ya nusu na 2. Zikishuka tangu mwanzo, taa yako ni dhaifu au nikeli imekaa kwa mabonge. Nikeli nyingi inameza mwanga na kuzuia jua la wenzake.

Mzunguko wa pili umeanguka

Siku ya kwanza vizuri, unakusanya unga, unaosha, unarudia, nusu imepotea. Usikimbilie kusema kichocheo si imara.

Wengi hudhani trietanolamini imeisha. Mililita 10 zake ni milimoli 75, yaani maikromoli 75,000. Kwa maikromoli 13 za haidrojeni kwa saa, haijaguswa. Zilizopungua ni nyingine: unga uliomwagika wakati wa kuosha, nikeli iliyoyeyuka, au nikeli iliyokutana na hewa.

Unga ni rahisi, pima. Kati ya hayo mawili mengine, rudisha chupa kwenye mwanga bila kuongeza chochote. Ikijivuta dakika 40 kisha ikarudi karibu na namba ya jana, ilikuwa ni hewa tu, nikeli ililazimika kupunguzwa upya. Isiporudi, ongeza nusu mililita ya akiba ya nikeli kupitia kizibo. Ikiamka, nikeli ilikuwa imekimbia.

Uthibitisho uko kwenye maji uliyotenganisha na unga, usiyamwage. Chukua mililita 2, ongeza amonia hadi harufu yake isikike, kisha matone machache ya dimethilglioksimu iliyoyeyushwa kwenye ethanoli. Nikeli ikiwepo, wekundu wa waridi unachanua ndani ya maji na kushuka taratibu kama vumbi la udongo mwekundu. Mara ya kwanza kuiona rangi hiyo kwenye maji niliyokuwa nikiyamwaga kila jioni, nilikaa chini. Maji yote ya namna hiyo sasa yanaingia kwenye dumu lililoandikwa NIKELI, lenye kifuniko, mbali na sinki, maana sinki zetu zinateremka ziwani.